Avercombe Pekee wa Kilimani

Averne Hope, St. Elizabeth, Jamaika
3 Februari 1953

Shangazi Honoria,

Mimi ndiye Avercombe bora kuliko wote waliopata kuvuta pumzi, wa huku na wa huko kwenu Uingereza, walio hai na walio chini ya mawe. Umeandika juu ya bahasha, "Kwa Avercombe yeyote aliyebaki Averne Hope," basi una bahati ya mtende. Jina langu ni Jotham, nina miaka kumi na tisa. Hakuna fahali wilaya hii nzima asiyenijua kwa jina. Hakuna mpira wa kriketi nilioupiga ukapatikana siku hiyohiyo. Mwalimu alinitoa shule darasa la sita kwa sababu, alisema mwenyewe, hana tena la kunifundisha. Alisema na maneno mengine, ila hayo yalihusu dirisha.

Bi. Ismay Trowell wa posta aliigeuzageuza bahasha yako kama anayechagua shelisheli sokoni. "Jotham, we ni Avercombe?"

"Tangu tumboni, Bi. Ismay."

"Haya chukua. Ila kama ni kesi, mimi sikukuona."

Sasa, makaburi uliyoulizia yapo. Lodi Everard kalala nyuma ya kinu cha zamani cha miwa, chini ya marumaru, na mbuzi wanamheshimu mno, hawashuki juu yake. Jiwe linasomeka mpaka "mpole kwa watu wa shamba lake", halafu ni nyasi. Huku tukilisoma hilo la mpole huwa tunacheka kwanza, ndipo tunaendelea. Nyumba kubwa iliungua kabla hata baba yangu hajazaliwa, na sebuleni umeota mti ambao hakuna aliyeualika.

Unasema unachora mti wa nasaba ya akina Avercombe wote, na kwamba tawi la Jamaika limekukatikia mkononi. Halikukatika, Shangazi. Limeketi kwenye kibao, linakuandikia. Hata pua ninayo ileile, nimeambiwa na walioiona kwenye picha.

Uliza lolote.

Mpwa wako,
Jotham Avercombe


Averne Court, Dorset
9 Machi 1953

Mpendwa Bwana Jotham,

Sijui nianze kwa kucheka au kwa kukukemea. Hajapata kutokea mtu akaniita Shangazi kabla hatujajulishana. Lakini mimi ni mwanamke mzee asiye na mume, nyumba hii ni baridi, na barua yako niliirudia mezani mpaka uji ukaganda. Kwa hiyo endelea kuniita hivyo.

Kwa kadiri ninavyoona, wewe ni mjukuu wa binamu yetu Ambrose, aliyekwenda huko kusimamia shamba akakataa kurudi. Baba yangu hakupenda atajwe. Tulidhani alikufa bila mtoto. Kama alioa huko, niambie alimwoa nani, nami nitaijaza nafasi iliyonisumbua miaka mingi.

Kuna jambo jingine, nalo ni zito. Mpwa wangu, Lodi Piers, amerithi nyumba hii pamoja na kodi ya mirathi, na kodi ndiyo kubwa. Wakili wetu amegundua kwamba ukoo bado una kipande cha ardhi huko, kilima kilicho juu ya kinu, kiitwacho Konde la Zamani. Ipo kampuni inayoutaka udongo wake mwekundu kwa ajili ya madini. Nimesikia kwamba watu wa shamba waliruhusiwa kulima pale baada ya yale mabadiliko.

Wakili anasema mtu akikaa juu ya ardhi muda mrefu bila kudaiwa pango, sheria humpa haki, hata kama hati ziko Uingereza. Sipendi mtu adhulumiwe kwa jina letu. Basi nakuuliza kama jamaa: ni nani wanaoishi juu ya kilima hicho? Yuko Avercombe mwingine zaidi yako? Nimeambatisha karatasi ya wakili ya kujaza. Tafadhali usiijaze kabla hujazungumza na majirani.

Wako wa dhati,
Honoria Avercombe


Kingston
2 Aprili 1953

Jotham wewe,

Hezron kaja mjini na ndizi, na pamoja na ndizi kaleta habari kwamba mdogo wangu siku hizi ana shangazi mzungu. Nikamwambia, "Binamu, umelewa." Akaniapia. Sasa nakuuliza mimi dada yako: unamwandikia nini huyo mama?

Hezron anasema anataka kujua habari za Konde la Zamani. Jotham, umelala na kuamka juu ya kilima kile, sina haja ya kukufundisha, lakini wewe masikio yako ni ya kuning'iniza kofia, kwa hiyo nitakufundisha hivyohivyo. Ile ni ardhi ya ukoo. Aliachiwa mjukuu wa Phibba, Juba, pamoja na wenzake utumwa ulipokwisha, kwa watoto wao wote na watakaozaliwa, hata walio Panama, hata walio Kuba waliosahau njia ya kurudi. Hakuna anayeweza kuiuza, na hakuna anayeisemea peke yake. Hata Bibi Keturah na uzee wake wote, jambo la kilima likitokea, hupiga kengele watu wakae chini wasemezane. Mjomba Zebedee alipotaka kuukata mshelisheli wa Hezron apate mbao, na kitovu cha Hezron kimezikwa chini yake, si Bibi alimkimbiza na panga mpaka barabarani? Na huo ulikuwa mti mmoja.

Kitovu cha mwanangu Selvina bado kiko kwenye kikopo juu ya kabati. Nangoja Agosti nije nacho, tukizike na mche wa mnazi, na yeye awe na mahali pake duniani. Hapa Kingston tunapanga chumba ambacho hata paka hageuki.

Mwambie huyo mama ukweli mtupu: tuko wengi. Mtaje Bibi, mtaje Mjomba, Hezron na dada zake, mimi na mtoto wangu, wote, na walio ng'ambo. Umpelekee Bibi hiyo karatasi kwanza. Usilete mzaha wako.

Dada yako,
Vashti


Averne Hope
19 Aprili 1953

Dada Vashti,

Ukali wote huo kwa stempu moja! Bi. Ismay angejua angekutoza mara mbili.

Sikiliza, usipige kelele utamwamsha mtoto. Huyo mama ananidhania mimi ni mzungu. Mjukuu wa Ambrose! Sijasema ndiyo, sijasema siyo. Na hapo ndipo kichwa changu kinapoanza kufanya kazi wakati vya wengine vimelala. Nikimwambia tuko arobaini na kitu, tena weusi ti, ataona umati. Umati nani anausikiliza? Si ulikuwepo watu walipokwenda kudai maji kwa mkuu wa wilaya, wote na kofia zao za kanisani? Walipewa nini? Walipewa jua.

Lakini mtu mmoja, tena wa ukoo, aliyeandikwa kwenye mti wao kwa wino, akisema "kilima hiki hakiuzwi", huyo wanakaa kumsikiliza. Nitaingia mlangoni mimi kwanza, halafu nitawavuta nyote kwa nyuma. Na nikifika Uingereza, maana ataniita tu, naijua mitego yangu, nitakutumia cherehani ya kukanyaga.

Bibi usimsumbue na haya. Macho yenyewe siku hizi yanamtosha kuona sufuria tu.

Jotham, Avercombe wa kwanza mwenye akili


Averne Hope
28 Aprili 1953

Shangazi Honoria,

Ukisema babu yangu ni Ambrose, mimi ni nani wa kumbishia shangazi yangu? Nyumbani kwetu tunafundishwa adabu. Alimwoa nani, sijui, maana harusi yenyewe sikualikwa.

Kuhusu kilima: ni mawe, mbuzi, na miti ya matunda iliyojiotea. Yuko Avercombe mwingine? Hakuna. Ni mimi peke yangu. Wa mwisho, kama simba wa ngao iliyochapwa kwenye bahasha zenu, ila mimi nina suruali. Kwa hiyo mkitaka neno lolote kuhusu Konde la Zamani, njooni kwangu tu, msihangaike na wengine.

Karatasi ya wakili nimeijaza. Ilikuwa ndefu kama mahubiri ya Pasaka, na Kiingereza chake kimevaa tai, lakini mimi sishindwi na karatasi. Palipouliza nani anaishi kilimani, nimeandika: Jotham Avercombe, na zaidi yake hakuna mtu. Palipouliza kama nina dai lolote dhidi ya familia, nimeandika sina, maana nani anadai nyumbani kwake? Palipouliza kama naridhia familia ifanye itakavyo, nimeandika naridhia, kwa kuwa familia ni mimi. Bi. Ismay kashuhudia. Huyo ukimpa mahali pa kugonga muhuri, hana swali.

Mpwa wako wa pekee,
Jotham


Averne Court
15 Juni 1953

Mpendwa Jotham,

Karatasi yako imefika, na wakili amefurahi kuliko nilivyopata kumwona. Nilitarajia patakuwa na watu wengi kilimani, na nilikuwa nimejiandaa kubishana na Piers kwa ajili yao. Umeniondolea ugomvi. Nikuulize mara moja tena, kwa kuwa ni tabia yangu: una hakika? Kama kuna yeyote, hata mzee mmoja, niandikie kabla ya mwisho wa Julai, kwani mauzo yatafungwa Agosti. Usiponiambia lolote, nitachukua kwamba mambo ni kama ulivyoandika.

Mti wa nasaba sasa unafunika meza yote ya maktaba. Msanii amechora mashina na majani kwa rangi ya kijani na dhahabu, kuanzia Lodi wa kwanza aliyepewa ardhi na Mfalme. Wewe nimekuandika kwa penseli chini ya Ambrose. Nitaweka wino nikishaiona picha yako, maana kila aliye hai kwenye mti anabandikwa picha ndogo ya uso. Piers anasema mwandiko wako ni wa kihuni lakini damu haijifichi. Yuko tayari kukulipia meli uje Krismasi, tuuzindue mti mbele ya jamaa wote.

Shangazi yako,
Honoria


Averne Hope
21 Julai 1953

Shangazi,

Picha hii hapa. Nimepigwa Santa Cruz kwa Bwana Chin, na suti ni ya mhubiri, ndiyo maana mabega yamekwenda Krismasi kabla yangu. Bwana Chin alinipigia kelele: "Usicheke! Ukicheka suti ya watu itapasuka!" Basi ukiona nimekaza uso kama naliwa na siafu, ni suti.

Utaniona mweusi. Nilitaka kusema ni taa za Bwana Chin, lakini taa zake nzuri. Ni mimi.

Usianguke kwenye kiti. Nimefikiri hivi: umeshanipenda, umeshaniita, meli inalipwa, sasa tuache kujificha kama watoto. Ambrose simjui. Njia yangu ni fupi kuliko yake na inakwenda moja kwa moja kwa Lodi Everard, yule wa chini ya mbuzi. Bibi yangu huitaja kila Krismasi tukipaka makaburi chokaa, na kwa kila jina humwaga tone la ramu. Phibba, aliyeletwa melini akiwa msichana bado. Phibba alimzaa Cudjoe kwa Lodi Everard, naye hakuulizwa kama anataka. Cudjoe akamzaa Juba. Juba akamzaa Keturah, ndiye Bibi. Keturah akamzaa Amos, baba yangu, aliyefia Kuba akikata miwa. Amos akanizaa mimi, na hapo wakapumzika, maana kazi ilikuwa imekamilika.

Ulisema "watu wa shamba", ukasema "yale mabadiliko". Watumwa, Shangazi. Neno lenyewe haling'ati. Wewe una meza nzima ya majani ya dhahabu, na katika meza yote hiyo hakuna hata Phibba mmoja. Sasa muweke. Nitakuletea spelingi yake.

Na ile habari ya kilima, tutaizungumza nikifika, uso kwa uso, maana kuna mambo mawili matatu nataka kuwatengenezea.

Mpwa wako kwa njia fupi,
Jotham


Averne Court
11 Septemba 1953

Bwana Avercombe,

Naomba usiniite tena Shangazi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu niliandika barua nyingine kadhaa, zote nikazitia motoni. Zilikuwa mbaya kuliko hii.

Mti huu unachukua watoto waliozaliwa katika ndoa tu. Ndivyo ulivyoanza, na mimi sina mamlaka ya kuubadili. Jina lako nimelifuta. Lilikuwa penseli, halikuacha alama. Safari ya Krismasi haitakuwepo. Picha sikuichana. Paji la uso ni la baba yangu, na sikuweza.

Kuna jambo lazima niliseme, kisha nitanyamaza. Katika barua yako unamtaja bibi yako kana kwamba yu hai na anaishi hapo. Katika karatasi uliandika hakuna mtu. Barua yako ilifika siku chache kabla ya mauzo kufungwa. Nilimpelekea Piers. Aliisoma, akaikunja, akasema, "Hatukuiona hii, Shangazi." Wakili naye alisema kwamba karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya shahidi haibishani na barua ya soga. Nilinyamaza. Kilima ni cha kampuni tangu katikati ya Agosti.

Nilikuuliza mara mbili.

Tafadhali usiniandikie tena.

H. Avercombe


Averne Hope
6 Oktoba 1953

Kwa Bi. Honoria,

Basi tumekuwa wageni. Sawa.

Kwa hiyo sahihi ya mkono wangu ni ya Avercombe halisi inapowapa ninyi ardhi, ila mkono wenyewe si wa Avercombe inapofika zamu ya kuchorwa jani. Nieleze hiyo, wewe uliyesoma. Umenifuta kwenye mti kwa mpira wa kufutia. Sasa chukua mpira huohuo ufute karatasi. Ifute! Sema huyu si wa ukoo, hajui alisemalo, hakuwa na mamlaka. Hata mimi mwenyewe niko tayari kusema ni mjinga, na hilo sijapata kumwambia mtu.

Watu wenye kofia za bati wamekuja na kamba, wanapima. Bibi kawakaribisha mkate wa muhogo na samaki wa chumvi, akidhani ni watu wa barabara. Wamekula. Mmoja kamwambia, "Asante, Mama, una siku chache tu za kufungasha." Bibi kaja kuniuliza, "Jotham, kufungasha nini?"

Nijibu. Nijibu hata matusi.

J. Avercombe


(Barua hiyo ilirudi Averne Hope mwezi wa Novemba ikiwa haijafunguliwa. Juu yake pameandikwa kwa mkono mwingine, si wa Honoria: "Irudishwe kwa mwandishi.")


Kingston
22 Novemba 1953

Jotham,

Naandika nikiwa nimesimama, maana nikikaa nalia.

Hezron amenihadithia yote. Bibi analala kwenye chumba cha shule ya kanisa, kwenye mkeka, na amekataa kula chakula cha mtu mwingine. Anasema hajawahi kuomba chumvi tangu azaliwe. Mti wangu wa machungwa umeng'olewa na mashine. Wa Hezron umeng'olewa. Kaburi la Phibba wamelizungushia kamba, wanasema mifupa watahamisha kwa heshima. Kwa heshima! Waliileta kwa heshima hiyohiyo.

Mjomba Zebedee anasema ni mapenzi ya Mungu. Nimemwambia aache kumsingizia Mungu, huyu ni yule mwanamke wa Dorset. Kakuchekea, kakuita mpwa, kakuchota akili kwa habari za meli, kumbe anatafuta njia ya kutunyang'anya. Usijilaumu. Wewe ni mtoto tu na mdomo mkubwa, na hao wametudanganya tangu enzi za minyororo, wana uzoefu. Nimemwomba mhubiri Jumapili ijayo alitaje jina lake kanisani, Honoria Avercombe, watu wote wajue mwizi anaitwaje.

Sasa sikiliza vizuri. Nimempata wakili hapa mjini, kijana wa kwetu, mweusi, msomi, ambaye namshonea mkewe nguo. Anasema tukionyesha kwamba hao watu waliuza bila kuuliza waliokuwa wakiishi juu ya ardhi, kesi ipo, tena kesi nzuri. Kitu kimoja tu anachotaka: barua zake zote alizokuandikia. Aonyeshe mahakama kwamba hakuna mahali hata pamoja alipouliza nani anaishi pale. Zifunge, mpe Hezron aje nazo Ijumaa. Zote, usibakishe hata bahasha.

Kikopo cha Selvina bado kiko juu ya kabati. Ameanza kutambaa.

Vashti


Averne Hope
26 Novemba 1953

Dada,

Hezron anangoja mlangoni na mzigo wake, anapiga mluzi, kwa hiyo sina nafasi ya kupamba.

Barua zake nne zimo humu, pamoja na yangu moja iliyorudi. Barua tatu nilizompelekea kabla ya hiyo siko nazo, ziko kwake. Wakili atazitaka, nao wa Dorset watampa kwa furaha. Usimpe hizi za huyo mama kabla hujazisoma mwenyewe. Anza na ya Machi. Na mwambie mhubiri Jumapili asitaje jina la mtu. Namwomba sana, hata kama ameshaiandika hotuba.

Nimejaribu kuianza barua hii kwa namna ambayo ingekuchekesha kwanza. Nilikuwa na ya fahali, ilikuwa nzuri. Nimeiacha.

Yule mama si mtu mwema, usidhani namtetea. Alijua mwishoni, akanyamaza, na mwenyewe amekiri kwa mwandiko wake. Labda wakili atapata pa kushika hapo. Mwonyeshe ya Septemba. Na Lodi Piers ni nyoka. Na kampuni ni kampuni. Yote hayo ni kweli, na kila siku tangu mashine zije nayarudia moja moja nikitembea, ili nisifike kwenye lile jingine.

Aliuliza, Vashti. Usitafute mahali ambapo hakuuliza, utapoteza macho yako bure. Machi aliuliza nani yuko kilimani, akataka nizungumze na watu kabla sijajaza. Juni akauliza tena, akasema hata kama ni mzee mmoja. Wewe nawe ulishaniandikia nimjibu nini, majina ulinipangia, nilichotakiwa ni kunakili tu. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wao aliyepata kuuliza kama tupo. Mara hii mmoja akauliza, na swali likaniangukia mimi.

Haikuwa hila ya kuwaokoa. Ile habari ya kuingia mlangoni halafu niwavute, niliitunga kwa ajili yako, nikaipenda, nikaiamini. Lakini nilipokuwa nimeishika kalamu sikuwa nawaza kilima. Nilikuwa nawaza jinsi inavyopendeza, Avercombe wa pekee, na jinsi mtu wa pekee anavyotumiwa meli.

Ilikuwa asubuhi. Bibi alikuwa kaketi kizingitini anamenya mbaazi, maganda yanadondoka mpaka kwenye mguu wangu. Akaniuliza, "Mwanangu, barua ndefu hivyo, unamweleza nini huyo mtu?" Nikamwambia, "Namweleza habari za mbuzi, Bibi." Akacheka, akasema, "Msalimie." Nikamtazama alivyokaa pale. Halafu nikainama nikaandika kwamba hakuna mtu.

Jotham